Hapa Pamechanika, Tuendelee

Jua likishapanda juu ya bati la shule, sauti za watoto wa darasa la tatu zilitoka kwa mpigo mmoja kwenye madirisha yasiyo na vioo, zikavuka uwanja, zikavuka barabara ya vumbi, zikawafikia wanawake bombani na wanaume kwenye mashine ya kusaga. "Baba analima shamba. Mama anapalilia mahindi. Sisi tunakwenda shule." Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki nyuma. Mgeni akipita alisimama, akaegemeza baiskeli yake, akauliza watoto hawa wanafundishwa na nani. Akajibiwa: na Mwalimu Ngurumo, nani mwingine?

Jina hilo alipewa na watu, naye akalizoea mpaka likawa lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyolingana kabisa na kimo chake. Alikuwa amefundisha darasa la tatu tangu wazazi wa watoto hawa wakiwa wenyewe wanavuta kamasi kwenye madawati yale yale. Njia yake ilikuwa moja tu: yeye anasoma mstari, wao wanaufuata, anausoma tena, wanaufuata tena, mpaka kitabu kinakwisha, kisha wanarudi mwanzo. Kitabu chenyewe kilikuwa kile kile miaka nenda miaka rudi. Nakala moja iligombewa na watoto watatu au wanne, na ukurasa mmoja wa katikati ulikuwa umechanika karibu katika nakala zote, sijui kwa gundi mbovu au kwa vidole vyenye haraka. Akifika hapo Mwalimu Ngurumo alisema, "Hapa pamechanika, tuendelee," akaruka, akaendelea.

Sasa, pamoja na ngurumo zote hizo, shule ile ilikuwa ya mwisho wilayani. Siyo karibu na mwisho. Mwisho kabisa, yenye kuburuta mkia. Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya elimu, mkuu wa shule alianza kusoma kutoka chini ili asipoteze muda. Walimu walikuwa na sababu zao, na nyingi zilikuwa za kweli. Lakini wilaya ilichoka kusikia sababu. Mwaka huo ikaja habari: mkaguzi atakuja mwisho wa muhula, atawasomesha watoto wa darasa la tatu, mmoja mmoja. Wakiweza kusoma, shule ibaki. Wasipoweza, shule ifungwe, watoto wahamie shule ya barabara kuu, ng'ambo ya mto.

Ng'ambo ya mto, kwa mtu mzima, ni mwendo wa kutoka jasho tu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, mvua ikinyesha na mto ukijaa, ni kukaa nyumbani. Hilo kila mzazi alilijua bila kuambiwa.

Walimu walikutana kwenye ofisi ya mkuu, chumba chenye meza moja na kabati lenye kufuli. Mkuu wa shule alikuwa kijana mwembamba, ndiyo kwanza ana mwaka wa pili pale, na kalamu zake zilikuwa zimejipanga mfukoni mwa shati kama askari. Akashusha pumzi.

"Mwalimu, Mungu ametuonea huruma," akamwambia Mwalimu Ngurumo. "Wangetaka darasa la sita, leo hii tungeanza kufunga mizigo. Lakini la tatu! La tatu ni lako."

"Waje hata kesho," akajibu Mwalimu Ngurumo. Wala hakuwa anajigamba. Aliamini.

Aliyeongoza sauti za darasa lile alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake aliyekuwa akifanya kazi mbali. Alikuwa msichana mwembamba wa miguu mirefu, mwenye kumbukumbu ya ajabu. Ukimwambia jambo mara moja, umelipanda. Nyumbani yeye na bibi yake waliitana mke mwenza, kwa kuwa wote wawili walidai kuwa ndio wameolewa na babu, fundi baiskeli, ambaye naye alifurahia ugomvi huo na kuuchochea kila alipopata nafasi. "Leo nani ananipakulia?" angeuliza, na vita vikaanza.

Kabla mkaguzi hajafika, vilifika vitabu. Vilikuja kutoka wilayani kwenye maboksi, vikinuka wino, vya kutosha kila mtoto kuwa na chake. Jalada lilikuwa lile lile la zamani, mtoto na mkoba wake, ila rangi sasa zilikuwa zinang'aa. Mkuu wa shule alivibeba mwenyewe hadi darasani, na watoto wakavipokea kwa mikono miwili. Wengine walivinusa. Mwalimu Ngurumo hakuvifungua kwanza; kwa nini akifungue kitabu anachokijua kuliko jikoni kwake? Akasema tu, "Somo la kwanza. Mke mwe... wewe hapo mbele, anzisha."

Mjukuu akafungua kitabu, akatazama ukurasa, akainua kidevu, akaanzisha. Darasa likadaka. "Baba analima shamba. Mama anapalilia mahindi." Mkuu wa shule alisimama mlangoni anatabasamu. Mwalimu Ngurumo akaanza kutembea kati ya madawati, mikono nyuma, kama kawaida yake, akatupa jicho kwenye kitabu cha mtoto mmoja.

Kwenye ukurasa kulikuwa na picha ya paka juu ya paa. Chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi, iliandikwa: Paka amepanda juu ya paa.

Alidhani mtoto yule amekosea ukurasa. Akatazama kwa mwenzake: paka. Akatazama dawati la pili, la tatu: paka, paka. Vidole vilikuwa vinatembea chini ya maneno kwa utaratibu mzuri, kutoka kushoto kwenda kulia, na midomo ilikuwa inasema baba, shamba, mahindi. Wilaya ilikuwa imebadilisha kila kitu ndani ya kitabu na kuacha jalada, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa na habari. Wakaendelea, wakafunua kurasa kwa pamoja, nywele zikamsisimka mwalimu wao. Wakafika katikati. Ukurasa ulikuwa mzima, mweupe, haujaguswa na mtu. Darasa lote likapaza sauti, kwa furaha:

"Hapa pamechanika, tuendelee!"

Wakaruka, wakaendelea.

Mkuu wa shule hakuelewa kitu, alipiga makofi. Mwalimu Ngurumo alisimama pale pale kati ya madawati, amepigwa na butwaa. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja nyingi. Kwanza alishikwa na mshangao mtupu mbele ya watoto wale. Walikuwa wameweka kitabu kizima vichwani. Walikuwa wameweka na vituo vyake, na pale anapokohoa. Miaka yote hiyo watoto wake walikuwa wanasoma kitabu kimoja tu, na kitabu hicho kilikuwa yeye.

Mchana alirudi nyumbani. Karakana ya mumewe ilikuwa barazani, baiskeli zimeinuliwa matairi juu, mnyororo mmoja umelowekwa kwenye mafuta ya taa. Akamwita mjukuu wake, akachukua kopo la gundi ya kuzibia pancha.

"Mke mwenza, nisomee hapa."

"Gundi," akasema mtoto bila kufikiri.

"Na hapa?" akamwinulia pakiti ya jikoni.

"Chumvi."

Kopo alilijua kwa rangi, pakiti aliijua kwa kuiona. Bibi akachuchumaa, akasawazisha vumbi kwa kiganja, akaandika kwa kidole: Babu anaiba sukari. Mtoto akatazama vumbi. Kisha akainua macho akamtazama bibi usoni, akatafuta pale kwenye nyusi na mdomo, na bibi akaelewa kwamba mtoto anatafuta jibu mahali alipozoea kulipata. Ilimbidi ageuze uso wake upande. Mtoto alipokosa uso wa kusoma, alikaa kimya, na kimya hicho kilimuuma bibi yake kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa.

"Imeandikwa nini?" akauliza babu, mikono imejaa grisi.

"Imeandikwa kwamba mimi ni mjinga," akajibu mkewe.

"Hayo nimeyajua toka nikuoe," akasema babu. Alipoona hacheki, akaweka spana chini.

Kesho yake Mwalimu Ngurumo alikwenda ofisini akamweleza mkuu wa shule yote. Kijana alimsikiliza, na kalamu zake zote zilionekana kunyauka mfukoni. Kisha akapata wazo, na ukimhukumu kwa wazo hilo kumbuka alikuwa anafikiria watoto wa darasa la kwanza na ule mto.

"Vitabu vipya tuvifungie kabatini," akasema kwa sauti ya chini. "Mkaguzi akija, anawakuta na vya zamani. Wanasoma. Anasikia. Anaondoka."

"Amesema mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja wanaweza pia! Si wamekikariri chote?"

Ni kweli waliweza. Mwalimu Ngurumo alilijua hilo vizuri, na alishawishika, tena sana. Aliuchukua ufunguo wa kabati akaushika mkononi mpaka ukapata joto. Shule ingebaki. Naye angestaafu na jina lake, ngurumo zake zikikumbukwa. Halafu akamkumbuka mjukuu wake anavyomtazama usoni.

"Ibaki ya nini, baba?" akauliza. "Mjukuu wangu hajui kusoma chumvi. Tunataka ibaki iwafanyie nini?"

"Mwalimu, muhula umebaki nusu! Ukishindwa, utakwenda mwenyewe kuwaambia wazazi."

"Nitakwenda mwenyewe."

Mkuu alikubali shingo upande. Tangu siku hiyo sauti zilikatika. Kule bombani wanawake waliulizana kama Mwalimu Ngurumo ameugua, na kwenye mashine ya kusaga mtu mmoja alisema wamemfukuza. Alikuwa ndani, anaandika ubaoni bila kufungua mdomo, na hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile ya kunyamaza.

Alianza na herufi na silabi, kama ndio kwanza watoto wameletwa shule. Kila mtoto alisoma peke yake, wengine wakisubiri, na kusubiri kuliwachosha wakasinzia. Waliokuwa wanajificha ndani ya sauti za wenzao walijikuta uchi mchana kweupe, wakalia. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake alikuwa anasoma vizuri sana na sasa amesahau. Mwalimu Ngurumo alimwomba radhi, mlangoni pale, watu wakisikia, na mzazi akaondoka hajui apokee vipi radhi ya mwalimu.

Kisha ikaja siku ya mbuzi. Alikuwa amekata tamaa kidogo, amechoka, akaandika ubaoni bila kusema lolote: Kuna mbuzi chini ya dawati. Akageuka akawatazama. Macho yalikuwa yanatambaa juu ya herufi, midomo inachezacheza. Mara mtoto mmoja wa mstari wa kati akainama akachungulia chini ya dawati lake. Halafu mwingine. Halafu msichana upande wa dirisha, kwa hofu, akainua miguu yake yote miwili. Kufumba na kufumbua nusu ya darasa ilikuwa sakafuni inatafuta mbuzi.

Mwalimu Ngurumo alishika ukingo wa meza. Hakuwa amesema neno. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Chaki ilikuwa imemtia mtoto mbuzi kichwani, mbuzi mzima mwenye pembe, naye akaamini mpaka akainama. Miaka yote aliyoifanya kazi ile alikuwa hajawahi kuliona jambo hilo likitokea, kwa sababu kwenye sauti moja ya watu wengi huwezi kuliona. Alitamani kumwita mtu aje aone. Alicheka, machozi yakamtoka, watoto wakadhani wamefanya kosa, wakarudi kukaa haraka.

Mjukuu wake alikuwa ameinama pia, lakini baada ya kuona wenzake wameinama.

Huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Kumbukumbu yake ilikuwa inamwahi. Ukimwonyesha neno, akinong'onezewa nusu yake, anakurudishia zima, na kesho ukilibandika mahali pengine halijui. Alizoea kuwa wa mbele, sasa akawa wa nyuma, na asubuhi akaanza kuumwa tumbo la uongo. Ugomvi wa wake wenza ukafifia ndani ya nyumba ile. Babu alipouliza nani anampakulia leo, alijipakulia.

Ni babu aliyeanzisha habari ya kibao. Baiskeli za wateja zilikuwa nyingi, alisema, naye anasahau ipi ina ugonjwa gani. Akamwomba mkewe awe anaandika kwa chaki kwenye kibao kidogo, kimoja kwa kila baiskeli: breki, pancha, mnyororo, kiti. Kisha akadai miwani imepotea. Ilikuwa mfukoni, kila mtu aliiona.

"Mke wangu mdogo, hii inaumwa nini?"

"Sijui, babu."

"Basi nitaitibu miguu na ugonjwa uko kichwani. Mteja akija kunipiga, utamwambia nini?"

Mtoto akachuchumaa mbele ya kibao. Hapakuwa na picha, hapakuwa na rangi, na bibi yake alikuwa ndani. Uso wa babu ulikuwa chini ya baiskeli. Akaweka kidole chake kwenye chaki, akaanza kuhangaika peke yake. "Pa," akasema. Akakaa hapo muda mrefu, anameza mate. "Pa... n... cha." Akarudia. "Pancha. Babu! Pancha!" Akaligusa tairi akalibonyeza, likabonyea, halina upepo. Akaruka. Maneno yalikuwa yamesema kweli kuhusu tairi, na hakuna mtu aliyemwambia! Bibi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango na kiganja mdomoni. Alilala siku hiyo kama mtu aliyeshushiwa mzigo, ingawa mjukuu alikuwa bado na maneno machache mno, na mkaguzi alikuwa njiani.

Mkaguzi alikuja kwa pikipiki, mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyochakaa kwa njia za vijijini, asiye na maneno mengi. Akaomba meza iwekwe mbele ya darasa. Mkuu wa shule alimletea kiti, akakipangusa, kisha akakipangusa tena. Mkaguzi akatoa kadi zake, kila moja na picha na mistari michache, hakuna aliyewahi kuziona. "Nimeambiwa darasa hili linasikika mpaka mashineni," akasema.

"Lilikuwa linasikika," akajibu Mwalimu Ngurumo. "Walikuwa wanaikariri sauti yangu. Sasa wanajaribu kusoma. Utawasikia wanajikwaa."

Mkuu wa shule akafumba macho.

Wakaanza. Walijikwaa kweli. Mtoto wa kwanza alisoma mstari mmoja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wa pili aliruka neno, akarudi mwenyewe akaliokota. Mmoja hakuweza kabisa, akarudi dawatini akilia. Baadaye akatokea wa pili wa namna hiyo. Msichana aliyeogopa mbuzi alisoma kadi yote, kisha akauliza, "Na wale ndege walirudi?" kwa sababu kadi haikusema, na mkaguzi akainua uso kwa mara ya kwanza. Uso wake haukusema heri wala shari. Mwalimu Ngurumo alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati la watoto, mgongo kwa ukuta, asije mtoto akamtazama usoni.

Mjukuu wake akaitwa wa mwisho. Kadi yake ilikuwa na picha ya mwanamume shambani, jembe begani. Bibi aliiona kutoka kule nyuma, na roho ikamruka. Mtoto naye aliiona. Kifua kikajaa, kidevu kikainuka, sauti ile ya zamani ikapanda yenyewe kooni.

"Ba..." akasema.

Akasimama. Darasa zima lilijua neno linalofuata, na wapo waliofungua midomo kumsaidia. Hakuna aliyelisema. Mtoto akashusha kidevu, akaweka kidole kwenye kadi, akakisogeza kidogo.

"Mjo," akasema. "Mjomba. A... na... anapa... nda. Mjomba anapanda." Akavuta pumzi. "Mi... miti."

Muda wake ulikwisha hapo. Mistari mingine ilibaki haijaguswa. Mkaguzi akamwambia ahsante, asubiri hapo hapo karibu na meza. Akavuta karatasi yake, akaanza kuandika. Alikuwa na mwandiko wa mtu aliyewahi kufundisha watoto wadogo, herufi zimesimama wima, kila moja peke yake. Mkuu wa shule alikuwa anatazama viatu vyake. Huko nyuma Mwalimu Ngurumo alikuwa ameanza kupanga maneno ya kuwaambia wazazi, wa karibu na mto kwanza.

Hakuna aliyemtuma mtoto yule. Amesimama tu, hana la kufanya, na mbele yake kuna maandishi. Kidole chake kikapanda ukingoni mwa meza.

"Shu... le," akasema, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe. Mkaguzi akaacha kuandika, lakini hakuifunika karatasi. Akausogeza mkono wake pembeni.

"Shule," akarudia mtoto. "I... ba..." Akakunja uso, akalitazama lile neno kwa karibu, akalipata. "Ibaki."

Alikuwa bado hajaelewa alichokisoma. Aligeuka kumwuliza bibi yake, na bibi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati, analia kwa sauti iliyosikika mpaka mashineni.